Punje Nyeupe Mgongoni mwa Kiwavi

Al Thumama, Ijumaa, Februari 2016

Leo hewa ni ya kumfanya mtu asamehe madeni ya zamani. Upepo wa kaskazini uliotupiga vumbi wiki nzima umechoka, na asubuhi nimekunywa chai nje bila sweta na bila jasho, jambo ambalo hapa Doha unapewa miezi mitatu tu kisha unarudishwa kwenye tanuri. Ndege zinashuka moja baada ya nyingine juu ya paa letu. Nimezizoea kiasi kwamba zikinyamaza ndipo nashtuka.

Nafsi yangu nayo imetulia. Naandika hivyo kwa makusudi, kwa sababu saa moja asubuhi haikuwa imetulia hata kidogo. Saa moja asubuhi nilikuwa nimeshavaa viatu niende kuwadanganya watu.

Nianze na bustani, la sivyo nitaonekana mbaya kuliko nilivyo.

Nyuma ya vila tunayoishi, walinzi kumi na wanane na vyoo vitatu, kuna kipande cha ardhi kati ya ukuta wa jikoni na tangi la maji. Urefu hatua tisa, upana hatua nne. Nimekipima mwenyewe kwa viatu vya kazi. Nilipohamia hapa kilikuwa kaburi la viyoyozi vibovu. Mimi ndiye niliyeomba ruhusa, nikaondoa vyuma, nikabeba udongo kwa magunia, nikauchanganya na samadi ya mbuzi ambayo sitasema niliipataje. Mwezi wa kumi na moja mke wangu, Mama Mwende, akanitumia mbegu za managu, ile mboga chungu ya kwetu ambayo wengine huiita mnavu, kutoka nyumbani Machakos, akampa mwenzetu aliyekuwa akirudi kutoka likizo. Alizifunga katika karatasi ya daftari la shule, na juu yake akaandika: "Usizimwagilie kama mtu anayezima moto."

Huyo mwanamke ananijua.

Managu yaliota. Yaliota vizuri kupita nilivyostahili, majani mapana ya kijani kilichoiva, na walinzi wenzangu wakawa wanakuja kuyatazama kabla ya kupanda basi la kazini kama watu wanaotazama mtoto aliyelala. Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Mtu wa miaka hamsini na mbili akifanikiwa jambo moja, hafungi mdomo.

Sasa Nekesa. Nekesa ni muuguzi, mke wa Wafula, ambaye zamani tulilinda naye lango moja kabla hajapata kazi ya ofisini. Mwanzoni mwa mwezi huu amejifungua mtoto wa kike, wa kwanza. Mama yake alikuwa aje amlee uzazi; pasipoti ikachelewa, tiketi ikapita. Kwa hiyo msichana wa watu yuko ghorofa ya nne na mtoto analia na hakuna mama wa kumpikia. Akina mama wa kanisani wanapokezana, lakini chakula hakishuki. Wali haushuki. Supu ya kuku anainusa na kuirudisha. Wafula akamletea mulukhiya ya Waarabu, ambayo ukiitazama vizuri ni mrenda wetu uliopata viza. Akala siku nne, akasema halas, imetosha. Anachotaka ni managu, na uchungu wake, kama mama yake alivyowapikia dada zake walipojifungua.

Ijumaa mbili zilizopita, baada ya ibada, maana hapa hata kanisa husali Ijumaa, akina mama walikuwa wanalizungumza hilo kwa sauti ya chini. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nikasimama.

"Managu?" nikasema. "Managu ninayo mimi. Nekesa atakula mpaka huyo mtoto aote meno!"

Wakapiga makofi. Mmoja akapiga kigelegele. Habari zikamfikia Nekesa kwa simu kabla sijakaa, na Wafula akaniambia baadaye kuwa mkewe alilia. Siku ya kwenda kumwona mtoto ikapangwa iwe leo, saa tisa alasiri. Akina mama wangeleta unga na maziwa. Mimi ningeleta managu.

Kesho yake viwavi wakaingia.

Sijawahi kuona viwavi kama wale. Wanene kama kidole changu cha gumba, kijani kile kile cha jani, mistari ya mshazari ubavuni, na mkiani pembe moja iliyopinda kama kigingi cha kutundikia koti. Wa kwanza niliyemwona alikuwa na jambo la ziada. Mgongoni mwake zilisimama punje nyeupe, thelathini au zaidi, kana kwamba mtu amempanda mchele wa biriani. Nilirudi nyuma hatua mbili. Mimi, mlinzi.

Nikaamua papo hapo kwamba yale ni mayai.

Hapa niwe mkweli kuhusu kazi yangu, kwa sababu kosa lenyewe limetoka huko. Nimesimama miaka kumi na mmoja kwenye lango la mizigo la jengo moja kule West Bay. Kanuni ya lango ni rahisi hata mimi naielewa: mwenye mzigo anasimamishwa, asiye na mzigo anapita. Macho yangu yameshakuwa hivyo. Hata kanisani nikiona mtu na mfuko mkubwa, mkono unataka kunyanyuka wenyewe. Basi nikamwona kiwavi mwenye shehena nzima mgongoni, na karibu yake mwingine mnene, msafi, hana kitu. Unadhani nilimkamata yupi?

Hamza alikuwepo. Hamza ni mwenzangu wa chumba, Mganda wa Masaka, mtoto wa mkulima. Anaswali mara tano kwa siku na ananicheka mara sita.

"Mzee," akasema, "kiwavi ni mtoto. Akikua ndiyo anakuwa nondo. Sasa mtoto anataga mayai?"

"Hapa Ghuba kila kitu kinafanya ovataimu," nikamjibu.

"Mm. Haya ssebo, bwana mkubwa, ua. Mimi simo."

Nikaua. Dawa ya kupuliza niliikataa. Duka la kona lina kopo la kuua mende, lakini chakula cha mama anayenyonyesha hakipuliziwi dawa ya mende, hilo walau nilikuwa nalo kichwani. Nikafanya kwa mkono. Kila alfajiri kabla ya basi nilitoka na tochi na ndoo ya maji ya sabuni, nikawatafuta wenye punje nyeupe. Kazi tamu sana! Weupe ule kwenye kijani unaonekana kutoka mlangoni. Nilikuwa nawachuma kama pamba. Wasafi wa kijani walikuwa wagumu kuonekana, na yule niliyemwona mara nyingine nilimwacha kwa sababu basi lilikuwa linapiga honi, nikijiambia, huyu hana mzigo, atasubiri.

Na nikaandika. Mlinzi asipoandika hajafanya kazi. Nilikuwa na daftari la matukio la bustani, mistari mizuri iliyonyooka: "Kona ya tangi. Mmoja, mwenye mayai. Ametoswa." Jumla ilipofika ishirini na tisa nilimsomea Hamza kwa sauti. Nilitegemea pongezi.

Akatazama managu, akanitazama mimi. "Mbona matundu yanaongezeka?"

Nikamwambia ni madhara ya zamani yanayojitokeza sasa.

Jamani. Nilisema hivyo kwa mdomo huu.

Jumamosi iliyopita nilimkamata mkubwa kuliko wote, punje hamsini zinapita. Huyu sikumtosa. Nilimweka kwenye chupa ya kioo iliyokuwa na achari, nikatoboa kifuniko kwa msumari, nikabandika karatasi: KIELELEZO. Nilitaka kuja kumwonyesha Wafula na kanisa zima adui niliyepigana naye. Chupa ikakaa dirishani karibu na kitanda changu. Nilimwekea majani mabichi ya managu, hakuyagusa. Siku ya pili hakugusa. Nikafurahi, nikasema kifungo kimemvunja moyo.

"Mfungwa wako amegoma kula," Hamza akasema. "Muitie balozi."

Kumbe jibu lote lilikuwa pale. Kiwavi hali, na mimi nina managu yanayoliwa. Ningekuwa na akili nusu ya cheo changu ningeuliza: kama huyu mwenye punje hali, basi nani anakula?

Jana jioni nilirudi kutoka kazini nikakuta miche ya upande wa ukuta imebaki mashina, kama miswaki iliyochomekwa ardhini. Upande wa tangi ulikuwa bado na majani, lakini ungeweza kuona ng'ambo kupitia kila jani. Sikula. Nilimpigia Mama Mwende, nikazungumza habari za mvua na ada ya shule na jirani yake aliyevunjika mguu, nikakata simu bila kumwambia.

Usingizini nikapata mpango. Naukiri hapa kwa sababu mbele ya watu sikuukiri. Mpango ulikuwa niende sokoni nikanunue spinachi mafungu matano, niikate nyembamba, nichanganye na managu machache yaliyobaki ili uchungu uwepo wa kusingizia. Akina mama wasingejua. Nekesa angejua kwa tonge la kwanza, na kwa adabu yake asingesema. Angekula, angeshukuru, na angejua kwamba hata lile jambo moja aliloliomba limekuja la uongo.

Nililijua hilo, na bado nilivaa viatu.

Niliinama kufunga kamba. Chupa ikawa sawasawa na macho yangu. Ndani yake kulikuwa na kitu kinatembea.

Hakikuwa kimoja. Kioo kizima kilikuwa na vidudu vyeusi vidogo kuliko sisimizi, viuno vyembamba, mabawa yanameta kama karatasi ya peremende, vinapanda na kushuka. Kila punje nyeupe ilikuwa imefunguka juu kwa kifuniko cha duara, safi kama iliyokatwa kwa wembe. Nikaona mmoja anatoka, kichwa, kisha miguu, anasimama anajipangusa uso. Kiwavi mwenyewe alikuwa chini, mlegevu na mtupu, kama soksi iliyovuliwa.

"Hamza. Hamza! Amka uone."

Akaja na blanketi mabegani. Akaitazama chupa muda mrefu sana. Niliona anaanza kucheka, akajizuia, na hilo ndilo lililonitisha.

"Hawa ni nyigu, mzee. Nyigu wadogo. Walikuwa ndani ya kiwavi wanamla, halafu wakatoka nje wakajifungia kwenye hivi vyumba vyeupe ili wakue." Akahesabu kitu kwa vidole. "Hawa wakitoka wanaenda kutafuta kiwavi mwingine. Wanamdunga, wanaweka watoto wao. Kazi yao ndiyo hiyo."

"Kwa hiyo wale ishirini na tisa..."

"Mzee," akasema polepole, kama mtu anayeleta habari za msiba, "wewe siku zote hizi umekuwa unawaua polisi na kuwaachia wezi."

Nilikaa kitandani.

Nataka kuandika kwamba nilicheka. Nimecheka sasa. Wakati ule niliona mbele yangu ile ndoo ya sabuni, na ule mwandiko wangu mzuri kwenye daftari, na miaka yangu kumi na mmoja langoni, watu wakinipita kila asubuhi bila kuniona kwa sababu kazi ya mlinzi ikienda vizuri hakuna kinachotokea. Mimi, katika watu wote, ndiye niliyewakuta walinzi zamuni na kuwaua kwa kosa la kubeba kitu nisichokielewa.

Nikavua viatu.

Tukatoka nje na ndala. Nilifungua chupa katikati ya miche. Hawakuondoka kwa haraka. Walifika ukingoni wakasimama kidogo kama watu wanaotoka kiwanja cha ndege mara ya kwanza, kisha mmoja akaruka, kisha wote. Sikuwaona tena. Ni wadogo mno kuonekana, nadhani hilo ndilo linalowawezesha kufanya kazi.

Halafu Hamza akanifundisha kutafuta wezi. Usitazame majani, akasema, tazama chini. Kiwavi mnene anakula sana, na anayekula sana anakwenda haja sana. Ukiona vipunje vyeusi kwenye udongo, vikubwa kama pilipili manga, simama hapo hapo, inua macho polepole kwenye shina lililo juu yake. Na kweli! Yupo, amejinyoosha chini ya jani, amejifanya jani. Nilikuwa nimempita siku kumi na tatu.

"Umri wote huo kwenye lango," Hamza akasema, "na hujui kufuata nyayo?"

"Langoni hakuna mtu anayeacha nyayo za aina hii."

"Shukuru Mungu."

Tulitoa wasafi kumi na saba. Tukakuta pia wenye punje nyeupe wawili, mmoja kwenye shina la karibu na tangi na mwingine jirani yake. Mkono wangu ulienda wenyewe. Hamza akaupiga kofi, kofi halisi, kama mtoto anayegusa sufuria ya moto. Tukawaacha. Kisha akaenda kuoga ajiandae kwa swala ya Ijumaa, na mimi nikachuma kilichobaki, jani kwa jani, lenye matundu na lisilo na matundu. Ilijaa sufuria moja. Anayejua managu anajua sufuria moja mbichi inakuwa nini ikiiva. Bakuli.

Nilikwenda na hilo bakuli, likiwa bado majani mabichi ndani ya mfuko.

Akina mama saba walikuwa sebuleni kwa Wafula. Walipoona mfuko wangu wakatazamana, kwa sababu walikuwa wamekuja na masufuria ya harusi. Kabla hawajauliza nikasema mwenyewe, nikiwa nimesimama, mahali pale pale pa kiburi changu isipokuwa sasa bila makofi. Nikaeleza viwavi, punje, ndoo, daftari. Nilipofika kwenye "ametoswa" mama mmoja alitoka kwenda kucheka jikoni. Spinachi sikuisema pale. Naisema kwako, shajara, na kwa yeyote anayepitia hapa.

Nekesa alikuwa kwenye kochi, amefunga leso kichwani, mtoto kifuani. Amekonda. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa sura ya muuguzi anayepokea maelezo ya mgonjwa aliyejitibu mwenyewe.

"Baba Mwende," akasema. "Ulimwona mtu amebeba askari hamsini mgongoni, ukampiga yeye na askari wake."

"Ndiyo, mwanangu."

"Na ukaandika ripoti."

"Nikaandika."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika tumbo kwa mkono mmoja na kusema "uuui, mshono," na Wafula akanikazia macho kana kwamba nimekuja kumuua mkewe. Lakini niliona jinsi Wafula alivyomtazama mkewe. Nadhani ni kicheko cha kwanza cha Nekesa tangu atoke hospitali.

Wakayapika kwa maziwa, taratibu, kama inavyotakiwa. Harufu ikatoka jikoni ikajaa sebule. Bakuli likaja na ugali kidogo. Nekesa akamega tonge, akachota, akatafuna. Tulikuwa watu tisa tunamtazama mtu mmoja akitafuna, haki yake ilikuwa atufukuze.

"Ni machungu," akasema, taratibu, kama mtu anayetaja jina la kijiji chao.

Na akala. Alikula bakuli lote, akafuta chini kwa tonge la mwisho, akamgeuza mtoto upande wa pili bila kumtazama kama wanavyofanya wanawake waliozaa watano. Hakukuwa na la mtu mwingine na hakuna aliyeomba. Nilipoinuka kuaga akanishika mkono.

"Ijumaa ijayo?"

Zamani, yaani wiki mbili zilizopita, ningemwahidi mpaka mtoto aende shule. Nikamwambia kweli: mashina ya upande wa tangi yana macho mapya, yanaweza kuchipua, lakini hilo si langu peke yangu. Linategemea askari.

"Basi waache wafanye kazi yao," akasema. "Na wewe kaa mbali nao kabisa."

Nimerudi jua likiwa bado juu ya ukuta. Nilimpigia Mama Mwende kutoka ndani ya basi, nikamwambia yote, spinachi na yote. Akasema, "Mbegu nyingine nitakutumia. Ila karatasi ya maagizo itakuwa ndefu."

Yule wa karibu na tangi bado yupo. Nimekaa mbele yake kwenye ndoo niliyoipindua, ile ile ya sabuni, na hapo ndipo ninapoandika. Hali, hatembei. Punje zake zimekaa wima mgongoni, hakuna iliyofunguka. Pengine Jumapili, pengine Jumatatu. Hamza ametoka msikitini akapita akanikuta hivi, akauliza kama nimepewa zamu ya kumlinda. Nikamwambia hapana, yeye ndiye yuko zamuni, mimi nimepumzika.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa West Bay, nikisimamisha watu na mifuko yao. Lakini usiku huu sitatoka na tochi, wala alfajiri. Nimefungua daftari la matukio, nikapiga mstari mmoja mrefu juu ya ishirini na tisa wote, na chini yake, kwa mwandiko wangu mzuri wa langoni, nimeandika amri moja ya bustani hii kuanzia leo:

Mwenye mzigo apite.